Anayekataa ofa ya masta Uingereza sio mwoga

Kila mwaka kuanzia mwezi wa tatu hivi mpaka wa nane maongezi ya Moshi na Arusha yanajirudia, mtoto wa fulani kapata ofa ya masta Uingereza, je anaenda au haendi. Akisema haendi, au akisema ngoja nisogeze mbele mwaka mmoja, hapo ndo utawasikia watu, eti mwoga, eti wazazi wake wanayo hela wamebana tu, eti bahati haibishi hodi mara mbili. Maneno haya yanasemwa mpaka kwenye vikao vya ukoo, watu wazima na akili zao wanamwambia binti wa miaka 25 kwamba anaichezea bahati ambayo wenzake wanaililia. Mi naona watu hawamwelewi kabisa huyu anayekataa na ndo maana naandika, ila wanaosema nenda nao wana hoja, na hoja yao moja ni nzito kweli, ntaifikia.

Kwanza tuelewane ni ofa gani tunazungumzia. Kuna ile ambayo chuo kinakuchukua na kinakulipia, ada na hela ya kula, na hiyo hakuna mtu mwenye akili timamu anayeikataa kwa sababu ya hela. Alafu kuna ile nyingine, chuo kimekukubali, kimekupa "skolashipu" ya pauni elfu tatu au nne ambayo kiukweli ni punguzo la bei, na kinachobaki chote ni juu yako. Hizi za pili ndo nyingi, na mwaka huu zimeongezeka uzito kwa sababu mlango mmoja mkubwa umefungwa. Marekani kwa miaka mingi ndo kulikuwa njia ya watu wetu wa sayansi wasio na hela, unapata PhD, profesa anakuchukua kwenye mradi wake, chuo kinafuta ada na kukulipa kila mwezi kwa kufundisha au kufanya utafiti. Tangazo alilosaini Rais Trump Desemba 16, 2025 liliiweka Tanzania kwenye nchi zenye zuio la sehemu, na kuanzia Januari 1, 2026 viza za F, M na J, ndo hizo za wanafunzi na za programu za kubadilishana, zikasimamishwa kwa raia wetu. Kwa hiyo njia iliyokuwa inamlipa mwanafunzi ndo imezibwa, na macho yote yamehamia kwenye njia ambayo mwanafunzi ndo analipa.

Sasa analipa ngapi. Chukua chuo cha kawaida nje ya London, ada tuseme pauni 18,000, na kuna za juu zaidi ya hapo. Serikali yao tangu Novemba 2025 inataka uonyeshe pauni 1,171 za kuishi kila mwezi kwa miezi 9, hiyo ni 10,539 (London ni 1,529 kwa mwezi). Tozo ya afya ni pauni 776 kwa mwaka, lakini viza ya masta ya mwaka mmoja inatoka na miezi ya ziada kwa hiyo unalipia mwaka na nusu, 1,164. Viza yenyewe kwa bei ya Aprili 2025 ilikuwa 524. Jumla 30,227. Weka pauni kwa shilingi 3,300 upate karibu milioni 100 kamili, bado hujakata tiketi ya ndege, hujapima kifua kikuu ambacho ni lazima kwa mtu anayetoka Tanzania, hujanunua hata koti. Kima cha chini cha mshahara serikalini kilipanda Julai 2025 kutoka 370,000 mpaka 500,000. Milioni 100 ni miezi 200 ya mshahara huo, miaka 16 na ushee, kwa ajili ya digrii ya miezi 12.

Watu wakisikia hivyo wanasema aa, hiyo hela ya kuishi ni ya kuonyesha tu. Hapa ndo pananiuma. Sheria inataka hela ikae kwenye akaunti siku 28 mfululizo bila kushuka chini ya kiwango hata siku moja, na akaunti iwe ya mwanafunzi mwenyewe au ya mzazi au mlezi wa kisheria. Sasa angalia sisi tunavyosomeshana huku. Baba mdogo yuko Dar anatoa, shangazi ana duka Mbuyuni anatoa, kaka mkubwa anatoa, mjomba anaahidi. Hela ya ukoo inakuja kwa vipande na kwa nyakati tofauti, mmoja akichelewa siku 28 zinaanza kuhesabiwa upya, na steitimenti ya baba mdogo hata ikiwa nene namna gani haikusaidii kwa sababu sio baba yako kwenye cheti cha kuzaliwa, mpaka hela yenyewe ihamie kwa mzazi. Ndo hapo wanatokea watu wa kukuazima hela ikae mwezi irudi na riba, na wengine wanakimbilia mikopo ya kausha damu kabisa. Steitimenti ya kuchonga ndo usiiguse, ukikamatwa kwa udanganyifu Uingereza wanaweza kukufungia miaka 10. Na tuseme umeazima kihalali, umepata viza, hela imerudi kwa mwenyewe. Ile 1,171 haikuwekwa pale kwa mapambo jamani, ndo makadirio yao ya chumba, chakula na nauli, na we umetua na mfuko mtupu kwenye nchi ambayo mwenye nyumba anaweza kukuuliza mdhamini wako anayeishi Uingereza ni nani.

"Atafanya kazi huko huko." Hili ndo jibu la kila kikao na ndo nataka tukae nalo, kwa sababu likianguka hili mengine yote yanalegea. Mwanafunzi wa digrii anaruhusiwa saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Wa digrii ya kwanza wana likizo ndefu za kupiga kazi saa zote, ila masta ya mwaka mmoja ile miezi ya kiangazi unaandika tasnifu, inahesabiwa ni masomo, saa zinabaki 20. Kima cha chini cha Uingereza kwa mwenye miaka 21 na zaidi kuanzia Aprili 2026 ni pauni 12.71 kwa saa. Zidisha kwa 20 upate 254 na senti kidogo kwa wiki, ukiisambaza mwaka mzima ni kama pauni 1,100 kwa mwezi. Rudia kuiangalia hiyo namba. Hata ukipata kazi siku ya kwanza, hata ukipewa saa zote 20 kila wiki kwa wiki 52, usiumwe, usikose shifti, usiwe na wiki ya mitihani, bado hufikii 1,171 ambayo serikali yao wenyewe inasema ndo ya kuishi nje ya London. London unapungukiwa zaidi ya pauni 400 kila mwezi. Kazi inaweza kukusaidia kula, hiyo nakubali, na wengi inawasaidia. Ada haiwezi kuilipa, deni la nyumbani ndo kabisa. Kama zile milioni 60 za ada zilitoka benki kwa riba ya asilimia 15 hivi, riba peke yake ni milioni 9 kwa mwaka, laki saba na nusu kila mwezi, na anayeilipa ni mama aliyebaki Moshi wakati mtoto anahangaika na shifti.

Kwa hiyo yule binti anayesema siendi kapiga hizi hesabu. Kazipiga usiku peke yake, mara nyingi kuliko wanaomcheka, na mara nyingi hazisemi kwenye kikao kwa sababu akizisema itaonekana anawaambia wazee kwamba uwezo wao mdogo. Mi hilo siliiti uoga. Mtu aliyeacha kitu anachokitaka sana ili nyumbani wasiuze shamba huyo ana roho ngumu.

Na tuseme ukweli kuhusu shamba. Kule mlimani kihamba, lile shamba la ukoo la Wachaga, ndo makaburi ya wazee yalipo, ndo ndizi za kula, kahawa kidogo, na ndo mahali ndugu watakaporudi mambo yakiharibika mjini. Ukoo wenye kiwanja cha ziada Njiro au Usa River ukikiuza mtoto akasome sina neno, uamuzi wao na unaweza kuwa mzuri tu. Ila kihamba kikienda hakirudi, na hakikuwa cha baba peke yake, ni cha wadogo wa huyo binti ambao bado wako sekondari na hakuna aliyewauliza.

Haya, upande wa pili, na naanza na ile nzito. Wanasema kusubiri nako kuna gharama, milango inafungwa. Mwaka huu wana ushahidi mbele ya macho, mtu aliyekuwa na nafasi ya Marekani 2025 akaisogeza mbele, leo amekwama nje kwa tangazo ambalo hakuna aliyelitegemea. Hilo siwezi kulipinga. Uingereza nao wanabana, Januari 2024 waliwazuia wanafunzi wa masta za darasani kwenda na mume, mke au watoto, Julai 2025 wakafunga kuajiri walezi wa wazee kutoka nje, njia ambayo wengi walikuwa wanaitegemea baada ya masomo. Kiwango cha mshahara cha viza ya kazi kikapanda mpaka pauni 41,700, japo wanaotoka masomoni wana kiwango chao cha chini kidogo. Anayesema "nenda sasa hivi kabla hawajafunga kabisa" hajatoa hewani.

Ila kuna sehemu hoja hii inatumika vibaya. Maajenti wa vyuo vya nje wanasema wahi mwaka huu upate miaka miwili ya kukaa na kufanya kazi baada ya masta, kwa sababu itapunguzwa kuwa miezi 18. Kweli inapunguzwa, lakini kwa kila atakayeomba kuanzia Januari 1, 2027. Anayeanza masta Septemba 2026 anamaliza Septemba 2027. Ameshaingia kwenye miezi 18 tayari! Akisubiri mpaka 2027 hapo hajapoteza kitu, na ajenti anajua au anatakiwa kujua. Tusisahau pia kwamba hawa ofisi zao hazikutozi hela kwa sababu chuo kinawalipa kamisheni kwa kila mwanafunzi anayesajiliwa. Sisemi ni waongo, wapo wanaosaidia vizuri sana, ila hakuna kamisheni kwa mtu anayebaki nyumbani.

Wanasema pia digrii ya nje inafungua milango hapa hapa. Arusha tuna Jumuiya ya Afrika Mashariki, tuna Mahakama ya Afrika, tuna mashirika kibao, Moshi kuna hospitali ya KCMC na miradi ya utafiti na wazungu. Masta inahitajika huko, sawa, ila mara nyingi tangazo linasema masta, halisemi masta ya Leeds. Faida kubwa ya nje naiona kwenye watu utakaokutana nao na maabara utakayoishika, na hiyo inategemea sana fani. Mtu wa jenetiki anapata kitu ambacho kwetu ni kigumu kukipata. Mtu wa utawala wa biashara, mi nina mashaka, kwa milioni 100.

Alafu kinachosahaulika ni kwamba kukataa ofa hii sio kukataa kusoma. Taasisi ya Nelson Mandela pale Tengeru, Arusha, inapokea wa masta na PhD tu, tangu 2011, na wapo vijana wanamaliza pale alafu wanatoka nje kwa PhD ya kulipiwa wakiwa na machapisho mkononi. Chevening, skolashipu ya serikali ya Uingereza, hufunguliwa Agosti na kufungwa mwanzoni mwa Oktoba, inalipa ada, ndege na posho, sharti uwe umefanya kazi saa 2,800 ambazo ni kama miaka miwili, na urudi nyumbani miaka miwili. Erasmus Mundus, skolashipu ya Umoja wa Ulaya, posho ni yuro 1,400 kwa mwezi. Na Ujerumani ndo hesabu inayonishangaza watu hawaipigi, vyuo vingi vya serikali havina ada, wanachotaka ni uweke yuro 11,904 kwenye akaunti ya kufungwa, wanakuachia 992 kila mwezi. Kwa yuro ya 2,900 hiyo ni milioni 34 na nusu. Zile pauni 10,539 za kuishi Uingereza ni milioni 34 na ushee pia! Hela ya kula ni ile ile, tofauti yote ni ada, na milioni 60 zinabaki kwa mama. Ushindani upo na inachukua muda, lakini muda huyo binti anao, ana miaka 25.

Kwa aliyeshika barua mkononi sasa hivi, kabla hujatuma ile diposti ya kushikilia nafasi, andikia chuo uombe kusogeza mpaka mwaka unaofuata na wakujibu kwa maandishi, uliza kama hilo punguzo nalo linasogea manake mara nyingine halisogei, na uliza diposti inarudishwa kwa masharti gani viza ikikataliwa. Tozo ya afya inarudishwa ukinyimwa viza, ada ya viza hairudi. Majibu hayo yachukue uende nayo kwenye kikao, na yeyote atakayesema nenda umuulize mbele ya wengine yeye anaweka kiasi gani, kwenye akaunti ya nani, na kabla ya tarehe ngapi.