Nukta Iliyogeuka Mchirizi: Uigaji wa Kompyuta na Tiba ya Retina

Mwaka 2011 Ulaya iliruhusu Argus II, kipandikizi cha jicho cha kampuni ya Second Sight ya Marekani, kwa watu waliopofushwa na retinitisi pigmentosa, maradhi ya kurithi yanayoua seli zinazopokea mwanga. Marekani ikafuata 2013. Kamera ndogo kwenye miwani ilipiga picha, na elektrodi 60, yaani vituo vidogo vya kupitishia umeme, zilizobandikwa juu ya retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, zikaisisimua. Matarajio yalieleweka kirahisi: kila elektrodi iwashe nukta moja ya mwanga, na nukta zikijipanga zichore umbo.

Haikuwa hivyo. Wagonjwa walipoombwa kuchora kwenye kioo cha kugusa kile walichokiona elektrodi moja ilipowashwa, mara nyingi hawakuchora nukta. Walichora michirizi, mingine mirefu na iliyopinda kama mwezi mchanga.

Hapo ndipo uigaji wa kompyuta, yaani kuiga kwa hesabu yanayotokea jichoni, ulipofanya kazi ambayo mimi naiheshimu sana. Mwaka 2017 watafiti wa Marekani, wakiwemo Michael Beyeler na Ione Fine, walitoa bure programu iitwayo pulse2percept, inayokokotoa kile ambacho mgonjwa huenda akakiona umeme ukipita. Ndani yake mna ramani ya nyuzi za neva zinazotambaa juu ya retina kuelekea kwenye tundu la kutokea jichoni. Umeme ukiugusa uzi njiani, ubongo hudhani mwanga umetoka kwenye seli yenye uzi huo, ambayo iko mbali na elektrodi. Nukta inavutika, inakuwa mchirizi. Hesabu ilikubaliana na vidole vya wagonjwa.

Wanaoutetea uigaji wana hoja nyingine pia. Panya hawezi kueleza alichokiona, na retina yake haina makula, ile sehemu ya katikati tunayosomea. Wala huwezi kumpasua mtu jicho mara kumi ili ulinganishe mipangilio kumi ya elektrodi. Kompyuta huilinganisha yote, na iliyo mibaya ikatupwa kabla mtu hajalazwa mezani.

Mashaka yangu yanaanzia kwenye retina yenyewe. Seli za mwanga zikifa, zinazobaki hazitulii: huunganika upya, nyingine huhama mahali pake, na kovu hujitanda. Ramani iliyochorwa kutokana na macho mazima haiyajui hayo, na mabadiliko hayo hayafanani kati ya mgonjwa na mgonjwa. Kisha kuna majaribio ambayo watu wenye macho mazima huvalishwa miwani ya kompyuta ili waone kama kipofu mwenye kipandikizi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mtu huyo ataivua miwani baada ya saa moja. Mwenye Argus II hulazimika kugeuza kichwa kizima ili kamera ifuate kitu, na mwanga anaouona unaweza kufifia akiwa bado anauangalia.

Nisichokubali kabisa ni ile picha nadhifu ya nukta ikionyeshwa kwa familia inayoamua juu ya upasuaji. Familia hiyo ionyeshwe michirizi.

Tazama PRIMA, kipandikizi kilichobuniwa na Daniel Palanker wa Chuo Kikuu cha Stanford. Kina upana wa milimita 2 na pikseli 378, yaani vijinukta vinavyotoa umeme, nacho huwekwa chini ya retina, pale seli za mwanga zilipokufa, mbali na zile nyuzi. Kila pikseli imezungushiwa elektrodi ya kurudisha umeme ili usitapakae, na mtapakao huo ni jambo linalokokotolewa vizuri kwenye kompyuta. Matokeo yalichapishwa 2025: kati ya wazee 32 wenye kuharibika kwa makula waliopimwa baada ya mwaka, 26 walisoma herufi vizuri zaidi kwa kiwango cha maana, wakisaidiwa na miwani inayokuza picha. Lakini kati ya 38 waliopandikizwa, 19 walipata madhara makubwa, mengi katika miezi miwili ya kwanza. Shinikizo la jicho kupanda baada ya upasuaji halimo katika ramani ya umeme, hata iwe sahihi namna gani.

Na Argus II? Utengenezaji ulisimama 2019, huku zaidi ya watu 350 wakiwa wameshapandikizwa. Michirizi tunayoikokotoa leo tuliijua kwa sababu baadhi yao walikubali kukaa na kuichora, mmoja mmoja, kwa kidole.