Bibi Mwenye Sikio Lililokatwa

Juzi kwenye semina ya wazazi mhubiri mmoja katutaka tukague mabegi ya watoto. Vitabu vya mazimwi, wachawi na wanyama wanaosema, vyote jikoni tukawashie moto, maana vinawajaza watoto maswali yasiyo na majibu. Ukumbi mzima ukaitika amina. Mimi nikafungua Ayubu 41.

Kwani Biblia yake inaishia sura ya ngapi? Ayubu kafiwa na watoto kumi, mwili mzima majipu, anadai aelezwe kosa lake. Marafiki zake watatu, Elifazi, Bildadi na Sofari, majibu wanayo, tena tele. Mungu anapokuja kwenye upepo wa kisulisuli haelezi kitu. Anamuuliza yeye Ayubu alikuwa wapi misingi ya nchi ilipowekwa, kisha anamsimulia mnyama anayetoa moto kinywani na moshi puani. Zimwi hilo, waheshimiwa! Nalo tulichome? Na yale mazungumzo ya mbinguni ya sura ya kwanza, Mungu na Shetani wakiafikiana Ayubu ajaribiwe, sisi tunayajua. Ayubu anakufa mzee bila kuambiwa. Wanaokemewa mwishoni ni wenye majibu.

Bibi yangu, Msukuma wa Shinyanga, rozari haikumtoka mkononi, na ndiye aliyetusimulia Shing'weng'we, zimwi lililomeza watu wote na mifugo yao. Alibaki mama mmoja mjamzito, kajificha kwenye pumba. Mwanawe, Masala Kulangwa, akakua, akaliua, akalipasua tumbo, watu wakatoka. Ila kisu kilimpitia bibi kizee mmoja sikioni, naye badala ya kushukuru akamkasirikia aliyemwokoa.

Nilimuuliza bibi kwa nini Mungu aliliacha lile zimwi limeze watu wote. "Sijui. Vuta blanketi, mwenzio anapata baridi." Kisha akaendelea na Salamu Maria zake, kwa mdomo uleule.

Haya, nakubali, vitabu vingine ni takataka, na mtoto wangu mmoja alikojoa kitandani wiki nzima kwa sababu ya popo mwenye vichwa viwili. Nilifua mimi.

Lakini nimeyaona pia majibu yakifanya kazi. Dada yangu alimzika mtoto wa miezi minne. Wafariji wakapanga foleni: sisi tulimpenda, Mungu kampenda zaidi. Zaidi ya nani? Ya huyu ambaye kanga yake imelowa maziwa? Mwingine akasema ni jaribu, mwingine akadokeza dhambi ya ukoo. Elifazi, Bildadi na Sofari, na sahani za pilau mkononi.

Usiku, wageni walipolala, dada aliniambia, "Hebu nisimulie ile ya bibi." Nikasimulia, vibaya, naruka vipande. Nilipofika kwenye sikio akanishika mkono.

"Yule bibi kizee," akasema. "Utotoni nilimwona mkorofi."

"Na sasa?"

"Endelea. Usimruke."

Nikarudia pale, kisu kinapompitia.