Mionzi haichomi kama moto, kazi inafanywa na elektroni

Mama mdogo wangu alivyokuwa anapigwa mionzi, siku moja alirudi akaniuliza, mwanangu hivi ule mwanga ndo unaunguza kansa kama moto? Wengi wanaamini hivyo na naona tunakosea sana kuwaacha, manake mtu akishawaza moto anaogopa hata kurudi kliniki.

Iko hivi. Mashine ya kobalti 60, moja ya mashine za kutibu kansa kwa mionzi, inatoa mionzi ya gama yenye nguvu ya elektronivolti (kipimo kidogo sana cha nishati) kama milioni 1.25, mwonzi ukiingia mwilini unagonga elektroni moja, chembe ndogo mno iliyomo ndani ya kila atomu, inachomoka kwa kasi, hiyo nayo inagonga molekuli nyingine inang'oa elektroni yake, na iliyong'olewa kama bado ina nguvu inaenda kung'oa nyingine, hivyo hivyo mpaka zinachoka. Ndo ayonaizesheni yenyewe hiyo. Kila elektronivolti milioni moja zikimwagika mwilini zinazaa elektroni kama elfu 40 hadi 50, nyingi zake za pole pole tu, chini ya elektronivolti 30. Kung'oa elektroni kwenye molekuli ya maji kunataka elektronivolti 12.6, ila kwenye guanini, moja ya herufi nne za DNA (nyuzi zinazobeba maagizo ya seli), 8 hivi zinatosha.

Sasa kuna kazi naipenda sana, ya kundi la Léon Sanche kule Sherbrooke, Kanada, mwaka 2000. Walionyesha kwamba elektroni za elektronivolti 3 mpaka 20 zinakata nyuzi za DNA, yaani hata zile zisizo na nguvu ya kung'oa kitu, zinanasa tu kwenye molekuli kwa kitambo kidogo mno na uzi unakatika, na seli ya kansa ikikatwa nyuzi hivyo inaweza kufa! Kumbe vidogo hivi ndo vya kuhesabiwa. Na vipimo vingi vimefanywa kwa molekuli za mvuke ndani ya vakyumu wakati seli imejaa maji, kwa hiyo mimi naona anayepiga hesabu za dozi ya mionzi asichukue namba za mvuke akazibandika kwenye mwili hivi hivi.

Mama mdogo alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza, kwa hiyo hizo elektroni zinatoka kwenye mashine? Nikamwambia hapana mama, mashine inaleta mwonzi tu, elektroni ni zako mwenyewe, za maji yako na nyama yako. Akanyamaza kidogo, halafu akaniambia nianze tena toka mwanzo.