Mzee kanyong'onyea: ni uzee au ni maradhi?

Mzee akiacha kutoka barazani, akakataa hata kahawa na kashata, wengi wetu Zanzibar jawabu tunalo tayari: "Uzee huo." Katika makao ya wazee, yawe Sebleni na Welezo huku Unguja au Limbani kule Wete, jawabu hilo linaponza zaidi. Mtoto wa kusema "baba hakuwa hivi" mara nyingi hayupo.

Wapo wanaoshikilia kwamba sonona hii, yaani huzuni nzito isiyoondoka, si ya hospitali. Upweke ndio unaomla: wenzake wamekufa, jamaa hawaji. Mpe watu, msomee dua, atachangamka. Hoja ina uzito. Zimbabwe, mpango wa Friendship Bench ulioanzishwa na daktari Dixon Chibanda mwaka 2006 uliwafunza bibi wa mitaani kukaa benchini na mgonjwa na kutatua naye tatizo mojamoja, na utafiti uliotolewa 2016 ukaonyesha dalili zikipungua. Sisi "kumpa watu" tunakujua kivyetu: Ramadhani tunafika na mchele, tende na kamera. Mfungo Mosi ukiandama, kimya.

Wengine wanataka dawa, na wana haki. Sonona ya mzee hujificha. Hasemi ana huzuni, husema viungo vinamuuma na usingizi haupo. Lakini ukitaja maradhi ya akili, mawazo ya watu yanakimbilia Kidongo Chekundu, hospitali yetu ya wagonjwa wa akili, na mzee anaachwa alivyo. Dawa zenyewe nazo zina mambo. Amitriptilini humkausha mzee kinywa, humfunga choo, humvuruga akili, na akiinuka usiku kwenda msalani humtia kizunguzungu. Kuvunjika nyonga ni rahisi hapo. Fluoksetini humfaa zaidi, ila huchukua wiki kadhaa kufanya kazi. Ikikatwa wiki ya pili, watu husema haifai.

Mimi naegemea hivi: kwa aliyenyong'onyea kidogo, tuanze na mtu, lakini awe yuleyule, kila wiki, akae naye hata kete za bao ziishe. Daktari naye apime tezi ya shingo na damu, aangalie na dawa za presha anazomeza, maana hizo nazo huweza kumlegeza. Anayesusa kula au kutamani kufa hangojei mgeni, anahitaji daktari leo.

Wa kwanza kumjua ni mlezi anayekusanya sahani: siku ya tatu sasa, wali umerudi vilevile, na samaki hajaguswa.