Wamenikataa, na wameniambia kwa nini

Jumanne iliyopita nilimpigia mamangu aliyeko Wete, Pemba, kumwambia kuwa chuo nilichoomba kusomea ufamasia hapa Uingereza kimenikataa, na sauti yangu ilikuwa ya mtu aliyefaulu. Akaniuliza mara mbili, "Wamekuchukua au hawakukuchukua?" Nikamwambia hawakunichukua mama, lakini wameniambia kwa nini. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Alhamdulillahi. Basi umejua." Mamangu hakuvuka kidato cha pili, lakini alilielewa jambo hili upesi kuliko watu kadhaa ninaowajua ambao wakifika mwisho wa maandishi haya watakuwa wamenuna.

Jibu la kukataliwa lenyewe lilikuja wiki moja kabla. Lilikuwa fupi, na chini yake mstari mmoja: ukitaka kujua sababu, tuandikie. Nikaandika usiku ule ule, kwa shaka, maana mimi nimelelewa kwenye "angalia kwenye mfumo". Siku ya nne ikaja nusu ukurasa. Nimeisoma mpaka nimeihifadhi. Nitawaambia kilichomo, lakini kwanza nirudi nyumbani, kwa sababu furaha yangu haitaeleweka bila ya mwaka 2018.

Mwaka huo nilimaliza kidato cha sita, mchepuo wa PCB, yaani fizikia, kemia na baiolojia, katika skuli moja ya Pemba. Maabara yetu ilikuwa na bureti moja nzima, ule mrija wa kioo wa kudondoshea kemikali tone kwa tone. Ya pili koki yake ilikuwa ikivuja, mwalimu akaizungushia uzi wa cherehani na kuipaka sabuni kavu, nasi tukasimama kuizunguka meza kwa zamu ili kila mmoja alione walau mara moja tone la mwisho linavyoigeuza chupa nzima kuwa waridi. Mpaka leo nikiona rangi ile roho yangu inatulia. Tukafanya mtihani wa NECTA, karatasi ile ile anayofanya mtoto wa Dar, wa Moshi na wa Mbeya, kwani Baraza la Mitihani ni la Muungano na elimu ya juu nayo ni ya Muungano. Hilo naliheshimu mno. Namba ya mtihani haina baba mkubwa wala haijui kwenu mna mikarafuu mingapi. Nilipata alama za kuniruhusu kuomba famasi, nikaomba.

Tangu 2017 Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, iliwaachia waombaji wapeleke maombi yao moja kwa moja vyuoni, kwa hiyo kila chuo mfumo wake na kila mfumo ada yake. Nikatoka Wete mpaka Chake Chake, nikakaa kwenye duka la fotokopi kutoka asubuhi mpaka adhuhuri nikiskani vyeti, umeme ukikatika tunaanza upya. Nikalipa kwa simu. Ujumbe wa kupokewa pesa yangu uliingia kabla sijaitia simu mkobani, una jina langu kamili, kiasi na saa. Baada ya hapo hakuna aliyesema nami tena. Orodha zikatoka, mafaili marefu yanayorushwa kwenye makundi ya WhatsApp, nikashuka nayo kwa kidole jina baada ya jina. Awamu ya kwanza simo. Ya pili simo. Ya mwisho simo. Kwenye akaunti yangu limeandikwa neno moja tu, kwamba sikuchaguliwa.

Sikuchaguliwa kwa nini? Alama zilipungua? Nafasi zilijaa? Cheti changu kilitoka kimefifia kikawa hakisomeki? Mjomba wangu alichukua pesa yake ya karafuu, akapanda meli mpaka Unguja na nyingine mpaka Dar, akalala siku mbili kwa watu. Siku ya kwanza akaambiwa aje kesho. Siku ya pili akaambiwa mtoto aangalie kwenye mfumo. Alirudi Wete na mfuko wa maembe, na mpaka leo, miaka minane, mimi sijui.

Najua tayari kuna mtu amesema, "Huyu Ulaya imemlevya." Tafadhali nisikilize. Mimi sikuja huku kwa ubingwa. Nilimfuata mume wangu mjini Leicester mwaka 2019, nikafanya kazi ya kulea wazee, kisha nikaingia duka la dawa kama msaidizi wa kaunta, na ndipo nilipo. Ilinibidi nirudi darasani mwaka mzima kwenye kozi ya watu wazima wanaotaka kuingia chuo, nikiwa na mtoto mgongoni na zamu za Jumamosi. Na kwenye darasa lile, siku ya taitresheni, zoezi lile lile la matone, mwalimu alipogawa bureti kila mtu na yake, mpya, nilimaliza wa kwanza na majibu yangu matatu yaliachana kwa sehemu ndogo kabisa ya mililita. Akaniuliza nimejifunzia wapi. Nikamjibu Pemba, kwenye bureti iliyofungwa uzi. Kwa hiyo sitaki kuambiwa nadharau kwetu. Kwetu ndiko kulikonifanya niwe na mkono huu.

Na sisemi kwamba hapa ni peponi. Mwanafunzi atokaye nje hutozwa hapa ada inayozidi maradufu ile ya mkaazi, na mtoto wa dada yangu aliyeko Chake hawezi hata kuiota. Muda wa masomo wala hautofautiani: miaka minne chuoni na mmoja wa mafunzo kazini, huku na huko. Famasi inafundishwa Muhimbili tangu miaka ya 1970, na wafamasia wetu hawana la kumuonea haya mtu. Ninalolisema ni moja, na sitatoka kwenye hilo: huku muombaji huulizwa kwa nini, na yeye naye anaweza kuuliza kwa nini.

Chukua fomu. Hapa unaomba mahali pamoja, UCAS, fomu moja na machaguo matano. Kwa wanaoingia mwaka huu wa 2026 yale maelezo binafsi yamegawanywa maswali matatu, na la kwanza ni hili: kwa nini unataka kusoma fani hii? Nilikaa mbele ya swali hilo usiku tatu. Si kwamba sikuwa na jibu. Nilikuwa na jibu tangu nina miaka kumi na sita, na katika maisha yangu yote hakuna chuo wala ofisi iliyowahi kulitaka.

Bibi yangu alikuwa na presha. Siku moja akarudi kutoka duka la dawa na kibahasha cha karatasi, juu yake imeandikwa kwa kalamu ya buluu 1×3. Nyote mnakijua kibahasha hicho. Aliyemuuzia hakusema neno, alipokea pesa akamwita wa nyuma yake. Bibi kusoma tarakimu alijua, akaisoma alivyoiona: moja, tatu. Asubuhi akameza vidonge vitatu kwa mpigo na kikombe cha chai ya mchaichai. Nilimkuta uani ameegemea mtungi wa maji, midomo imekauka, anataka kuniita jina na jina halimjii. Alipona, Mungu amrehemu, aliishi miaka mingi baadaye. Lakini mimi tangu siku ile nilitaka kuwa mtu anayesimama nyuma ya meza ile na kusema kwa mdomo wake, "Bibi, kidonge kimoja asubuhi, kimoja mchana, kimoja usiku. Umenifahamu? Hebu niambie wewe sasa."

Kwetu famasi ina jina la kuwa mahali pa waliokosa udaktari. Hata mjomba alinipa pole nilipoichagua ya kwanza. Mfumo unaoangalia alama peke yake hauwezi kumjua aliyeitaka famasi na aliyeangukia, wote ni namba. Na mgonjwa wa Konde au Micheweni ndiye atakayekutana na tofauti yao.

Niliitwa kwenye usaili. Baraza la wafamasia la hapa, GPhC, katika viwango lililotoa 2021 linavitaka vyuo vimuone muombaji akishughulika na watu na si kumsoma kwenye karatasi tu, na vyuo vingi vinafanya usaili wa vituo vifupi vifupi, kengele ikilia unahamia mlango mwingine. Sababu ipo. Tangu Januari 31, 2024 mfamasia wa mtaani hapa Uingereza anaweza kumtibu mtu maradhi saba bila ya kumpeleka kwa daktari, pamoja na maumivu ya koo, ya sikio na mkanda wa jeshi. Nayaona kila siku nikiwa kaunta. Na wanaosajiliwa kuanzia mwaka huu wataweza kuandika dawa wenyewe. Mtu wa kazi hiyo lazima ajue kuzungumza.

Kwenye mlango wa nne nilimkuta mama wa makamo, muigizaji, mikono imeshika kifaa cha kuvuta dawa ya pumu kama mtu aliyeshika kifaranga. Nikaambiwa nimueleze namna ya kukitumia kifaa kile, maelekezo yako mezani. Nilieleza. Nilieleza kwa ufasaha, kwa upole, hatua kwa hatua, nikamuonyesha kwa vidole, kengele ikalia nikatoka nikijua nimekimaliza kituo kile.

Ule nusu ukurasa unasema hivi, kwa maneno yangu: ulieleza vizuri na kwa huruma, lakini ndani ya dakika zote ulizokaa na mgonjwa hukumuuliza swali hata moja. Hukumuuliza kama amefahamu. Alijaribu mara mbili kukwambia kuwa anaogopa, ukaendelea na maelekezo.

Nililia, na sikulia kwa nafasi. Nililia kwa sababu nilimuona bibi na kile kibahasha, na safari hii aliyekuwa upande wa pili wa meza ni mimi. Miaka yote nimejiandaa kusema, na kuuliza nimesahau. Neno hilo singelipata kwenye orodha ya majina. Sasa kila anayekuja kaunta namuuliza kabla sijamkabidhi mfuko wake, na mwenye duka ameshaiona tofauti.

Mtaniambia, "Waombaji kwetu ni maelfu kwa maelfu, nani atamuandikia kila mmoja nusu ukurasa?" Sijaomba nusu ukurasa. Naomba mstari mmoja. Mfumo ule ule ulioniambia ndani ya dakika moja kuwa pesa yangu imepokewa, jina langu, kiasi na saa, ndio uliojua jina langu limeangukia wapi. Alama zako hazikufika kiwango cha mwaka huu. Nafasi zilijaa kwa wenye alama za juu yako. Cheti chako cha kuzaliwa hakisomeki, kilete tena. Ujumbe kama huo ni wa gharama gani? Ule wa tatu, kama ndio uliokuwa wangu, ungeniokolea mwaka mzima, na ungemuokolea mjomba pesa ya karafuu na siku mbili za kusimama juani akiwa na kofia mkononi.

Mtasema tena, "Ukiwapa sababu, watabishana." Wacha wabishane. Mwenye kuhukumu kwa haki haogopi kuulizwa. Hilo linanikera kuliko yote, kwa sababu haki yenyewe tunayo! Mtihani wetu ni mmoja kwa wote, viwango vinachapishwa na TCU kila mwaka kwenye kitabu, yeyote anavisoma. Tumejenga sehemu ngumu, tukaacha ile ya kumwambia mtoto wa watu neno moja.

Mtoto wa dada yangu, yule wa Chake, anafanya mtihani wa kidato cha sita Mei hii, PCB kama mimi. Majibu kwa kawaida hutoka Julai. Juzi usiku alinipigia, kelele za jenereta nyuma yake, akaniuliza, "Khalati, wakinikataa na mimi wataniambia?" Sikutaka kumdanganya. Nikamwambia achukue daftari, tukakaa kwenye simu mpaka salio likaisha, tukaandika barua ambayo atakuwa nayo tayari, ya kutuma kwa kila chuo ambacho jina lake halitaonekana. Ina aya mbili. Namba yake ya mtihani, tarehe aliyolipa ada ya maombi, na risiti ameiambatanisha. Sentensi ya kwanza kaichagua mwenyewe: "Naomba kujua sababu, ili mwakani nije nikiwa bora."

Mimi nami naomba tena Januari.