Pepo kaondoka, kiti kimebaki

Mzozo ulianzia kwenye ndizi. Tulikuwa watu tisa barazani Ngamiani, kompyuta mpakato juu ya stuli, kijana mmoja akitutafsiria filamu papo hapo kwa Kiswahili cha mbio. Kwenye kioo, mgonjwa aliyevaa miwani ya jua kaketi ofisini kwa daktari, kapewa ndizi, anaila na ganda lake. Anatafuna kwa raha, anasifia matunda ya dunia hii kama mtu aliyeshuka Muheza msimu wa machungwa.

"Mwendawazimu huyo," akasema mama muuza mihogo.

"Mwendawazimu wa wapi? Mgeni huyo," akajibu fundi baiskeli. "Hajui ndizi inaliwaje."

Hapo hapo baraza likagawanyika, na hadi naandika haya halijapatana.

Filamu yenyewe ni K-PAX ya mwaka 2001, iliyoongozwa na Iain Softley kutokana na riwaya ya Gene Brewer ya 1995. Mtu anatokea kwenye kituo kikuu cha treni cha New York, hana begi wala tiketi. Anasema jina lake ni prot, tena liandikwe kwa herufi ndogo. Katoka sayari iitwayo K-PAX, umbali wa miaka 1,000 hivi ya nuru, upande wa kundinyota la Lyra, na nauli yake ilikuwa mwanga. Polisi wanamfikisha hospitali ya magonjwa ya akili, anaangukia mikononi mwa Dk. Mark Powell. Kevin Spacey ndiye prot, Jeff Bridges ndiye daktari. Mgeni anatoa na tarehe ya kuondoka: 27 Julai, saa 11 na dakika 51 alfajiri, na ana nafasi ya abiria mmoja. Sisi wa Tanga, mji wa waja leo waondoka leo, tumezoea wageni wanaotaja siku ya kurudi. Kazi ni kuona kama watarudi kweli.

Upande wa fundi baiskeli una hoja nzito kuliko nilivyodhani. Macho ya prot yanaona mwanga wa urujuanimno, ambao jicho la binadamu haliuoni. Dawa kali za kutuliza, zile ambazo wauguzi wetu wanazijua kwa jina la klopromazini na ndugu zake, hazimwangushi. Halafu inakuja ile siku daktari anapompeleka mbele ya wataalamu wa nyota. Wanamwuliza kuhusu sayari yake, wakitarajia kucheka. Anawachorea mizunguko ya sayari yenye jua mbili, na mchoro unajibu swali lililowasumbua wenyewe na ambalo walikuwa hawajalitangaza. Hakuna aliyecheka. Fundi aliisimamisha filamu hapo, akatugeukia: "Kichaa gani anayejua siri ya maprofesa?"

Niongeze kitu ambacho fundi hakukijua. Filamu ilipotoka, sayari inayozunguka jua mbili ilikuwa bado jambo la hadithi zaidi. Miaka 10 baadaye, 2011, wanasayansi wa darubini ya Kepler walitangaza wameipata moja, Kepler-16b, katika kundinyota la Cygnus lililo jirani na Lyra. Hilo halithibitishi chochote kuhusu prot, lakini nilipomwambia fundi alinitazama kama wakili aliyeletewa shahidi mpya mlangoni pa mahakama. Nikamwonyesha na Lyra yenyewe. Mwishoni mwa Julai, kama saa 4 na nusu usiku, simama Raskazone utazame kaskazini, nusu ya njia kati ya upeo wa macho na utosi. Nyota ing'aayo kuliko zote pale ni Vega, jina lililotokana na Kiarabu, an-nasr al-waqi', tai anayetua. Nasi tulikuwa tunabishana kuhusu mtu aliyetua.

Basi, upande wa mama muuza mihogo. Huu hauhitaji nyota. Daktari anaanza kujiuliza kwa nini 27 Julai na si siku nyingine, na anahisi kwamba tarehe ile si ya safari, ni ya jeraha. Anamlaza prot usingizi wa hipnosi, kikao baada ya kikao, na ndani ya ile sauti tulivu inaanza kutoka sauti nyingine, ya mtu anayetetemeka. Mwishowe anasafiri hadi New Mexico na kumkuta mtu halisi katika kumbukumbu za watu: Robert Porter, mfanyakazi wa machinjioni, ambaye mwaka 1996 mkewe na mtoto wake waliuawa, naye akajitosa mtoni afe. Mwili haukuonekana. Miaka mitano baadaye unaonekana New York, umevaa miwani ya jua.

Ukishaliona hilo, ushahidi wa mwanzo unageuka mmoja mmoja. Sayari isiyo na familia, ambako hakuna mke wala mume, mzazi na mwanawe hawaishi pamoja, na hakuna sheria maana hakuna wa kuhukumiwa: hiyo ni nchi ambayo mjane wa aina ya Robert angeitunga ili asipoteze tena kitu. Mama muuza mihogo alilisema kwa ufupi wake: "Kajijengea kwao kwingine kwa sababu kwao kuna damu."

Ninavyoona mimi, ukiwasikiliza watazamaji wa filamu hii, walio wengi wanataka mmoja wa hawa wawili ashinde, na filamu inawachezea. Kila inapompa daktari ushahidi, inampa na mgeni wake. Alfajiri ya 27 Julai inapofika, Robert anakutwa chini ya kitanda, mkavu kama gogo, haongei wala hatazami. Hapo mama anashinda. Lakini Bess, mgonjwa aliyekuwa bubu tangu nyumba yao iungue, hayupo wodini, na hapatikani tena. Hapo fundi anashinda. Mtunzi anakula huku na kule. Kuna wanaoliita hilo ufundi. Kwangu ni woga kidogo: yule Bess ni pipi aliyopewa mtazamaji asilie akitoka.

Saa ile baraza likiwa limechoka, mzee mmoja aliyekuwa kimya na kikombe chake cha kahawa akauliza, "Kwani lazima awe mmoja?" Akaendelea: prot ni prot, Robert ni Robert. Mmoja kapanda, mwingine kapandwa.

Tulicheka, lakini fikiria. Pwani hii haikungoja kufundishwa na Marekani habari za mtu kusema kwa jina lisilo lake. Pepo wana kwao: kuna wa Kihabeshi, kuna kibuki wa Bukini, yaani Madagaska, ng'ambo ya bahari, kuna ruhani wanaodai Uarabuni, kuna wa Kimasai wa barani. Kila mmoja ana lugha yake, chakula chake na rangi yake ya nguo. Anayepandwa anaitwa kiti. Pepo akipanda kichwani, sauti inabadilika, macho yanabadilika, na mganga kilingeni habishani naye kama yupo au hayupo. Anamsalimia, anamfukizia ubani, anamuuliza: nani wewe, umetoka wapi, unataka nini? Kisha wanapatana masharti. Sasa itazame tena ile ofisi ya Dk. Powell. Taa hafifu kwa ajili ya macho ya mgeni, tunda mezani, kalamu mkononi, na swali: umetoka wapi? Chano kimekuwa sahani ya matunda, ubani umekuwa hesabu ya usingizi. Kwa mzee yule K-PAX ilikuwa Bukini ya mbali zaidi.

Tafsiri hii ina nguvu moja ambayo zile mbili hazina. Inaeleza kile kisa cha wodini mwishoni, pale Robert anapotolewa kwenye kiti cha magurudumu na wagonjwa wenzake hawamtambui. Uso ni ule ule, mikono ile ile, lakini kwao huyu si prot. Daktari anaona mtu mmoja aliyenyamaza; wao wanaona kwamba mtu wao kaondoka. Mtu aliyewahi kuhudhuria kupunga haoni ajabu hapo.

Ina na hatari yake, nayo si ndogo. Barazani kwetu alikuwepo muuguzi mstaafu, mama mtu mzima aliyemaliza miaka mingi wodi za akili, na alimsikiliza mzee kwa adabu kisha akamkatalia. Alisema wengi waliomfikia walikuwa wameshazungushwa kwa waganga mpaka mali ya nyumba imekwisha, wengine na alama za kamba mikononi. Mkoa wetu si mgeni wa tiba hii: kule Lutindi, juu ya milima ya Usambara wilayani Korogwe, mahali palipoanzishwa na wamisionari Wajerumani 1896 kwa ajili ya watoto waliookolewa utumwani, wagonjwa wa akili wamekuwa wakihudumiwa tangu 1904. Zaidi ya karne nzima, na bado kuna familia inayopita njia ya milimani kwenda kwa mganga wa pili na wa tatu.

Nilimuuliza, je, daktari angemwambia prot waziwazi kwamba hakuna K-PAX? Akatikisa kichwa. "Ukimkubalia, umemzamisha. Ukimbishia, umemfukuza. Mwulize huko kwao analala usingizi?" Kwake kosa la Dk. Powell halikuwa kuamini wala kutoamini. Kosa lilikuwa haraka. Alikuwa na tarehe ya mgonjwa, akaifanya tarehe yake, akambomolea mtu ukuta kabla hajamjengea pa kusimama.

Hapo nilikumbuka ile filamu ya Argentina ya 1986, Hombre mirando al sudeste, ya Eliseo Subiela, ambayo wengi wanasema K-PAX inafanana nayo mno. Na kweli zinafanana: hospitali ya wagonjwa wa akili Buenos Aires, mgonjwa aitwaye Rantés anayedai kutoka sayari nyingine, daktari aliyevunjika moyo nyumbani kwake. Lakini kule hakuna pipi. Daktari anamtibu kama hospitali inavyotaka, na tiba ndiyo inayommaliza mgonjwa. Ukizitazama zote mbili mfululizo unaona ya Marekani ni laini kiasi gani. Inamwacha daktari akiwa bora kuliko alivyoanza, hata anapatana na mwanawe mkubwa waliyekuwa hawasemezani.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii ndiyo filamu nzima. Howie, mgonjwa mwenzake wodini, anapewa na prot kazi tatu, ya kwanza kumtafuta ndege wa buluu, na siku ndege anapotua nje ya dirisha wodi yote inakimbilia kumwona, watu waliokuwa hawainuki kitandani. Hilo nalikubali kwa roho safi. Kumpa mtu kazi na sababu ya kuamka ni tiba, na yule muuguzi alisema hata Usambara mgonjwa anapewa jembe na kazi za mikono, si vidonge peke yake. Kazi ya pili siikubali: Howie anamkaba koo mwenzake Ernie ili amtoe hofu ya kufa, na filamu inatutaka tufurahi eti kapona. Fundi alifurahi. Muuguzi aliondoka kwenda kuchukua maji.

Wenyeji wamepona, basi. Wodi imechangamka, daktari kapata familia, watazamaji kutoka New York hadi Ngamiani wamepata swali la kubishania. Na Robert?

Nilipokuwa mdogo, shangazi yangu mmoja wa Makorora alikuwa kiti. Siku za ngoma tulijazana uani tangu magharibi. Pepo wake alikuwa maneno matamu, anatania watu wazima, anataja mambo ya nyumba za watu, na sisi watoto tulimpenda kuliko tulivyompenda shangazi mwenyewe. Akishaondoka, watu walibaki uani wakichambua alichosema: alimaanisha nani, alitaka marashi gani, atarudi lini. Shangazi aliingizwa chumbani, analazwa mkekani, kanga imelowa jasho. Usiku mmoja niliingia kufuata kandambili zangu nikamkuta macho wazi. Akaniuliza, "Wamekula?" Nikasema wamekula. Hakuna aliyekuwa amempelekea sahani.

Kwa hiyo ninapoulizwa niko upande wa fundi au wa mama, nasema filamu ina dakika chache za mwisho ambazo wabishi wote wanazipita. Dk. Powell kaketi kando ya kile kiti cha magurudumu, anamsimulia Robert habari za rafiki zake wa wodini, nani katoka, nani kaendelea. Robert hajibu. Hakuna ushahidi wa nyota pale, wala hipnosi, wala siri ya Bess. Ni mtu anampelekea sahani aliyebaki chumbani. Kwangu hapo ndipo daktari anapofanya kazi yake kwa mara ya kwanza, na ndipo hapo hapo kijana wetu mtafsiri alipofunga kompyuta akisema "imeisha."

Juzi nikawarudisha nyuma kidogo. Niliuliza sayari yake inaitwaje. Wote wakajibu kwa pamoja. Aliondoka saa ngapi. Fundi akataja hadi dakika. Ndizi alikulaje, kicheko. Nikauliza jina la mke wa Robert. Mama muuza mihogo akasitisha kisu juu ya muhogo, mzee akatazama kikombe chake. Nami nililazimika kurudi nyumbani nikaifungue filamu upya.