Kusafisha krediti Marekani: anza na tarehe, achana na mawakala

Kampuni zinazojitangaza kuwa zinasafisha krediti huuza barua, basi. Zinachukua ripoti yako ya krediti, yaani kumbukumbu ya mikopo na malipo yako, zinawaandikia Equifax, Experian na TransUnion, ofisi tatu za krediti zinazotunza ripoti hizo, kupinga kila kilicho kibaya, halafu zinakutoza kila mwezi huku zikingoja majibu. Barua hiyo unaweza kuiandika mwenyewe kwa gharama ya stempu, na sheria haiwapi wao nguvu yoyote ambayo wewe huna. Kinachosikitisha ni kwamba wengi wanaolipa hawajui kuwa kampuni hizo zimebanwa tangu 1996: haziruhusiwi kupokea hela kabla kazi haijakamilika, lazima zikupe mkataba wa maandishi, na una siku 3 za kazi za kuuvunja bila kulipa senti. Anayekudai malipo ya mwanzo kwenye simu ameshavunja sheria hata kabla ya kuifungua ripoti yako.

Wapo wabaya kuliko hao. Ukiambiwa utapewa namba mpya ya tarakimu 9, wanaiita CPN, uitumie badala ya namba yako ya Social Security, kimbia. Mara nyingi namba hizo ni za watu wengine, hasa watoto, na ukiijaza kwenye fomu ya mkopo mwenye kesi ni wewe, wala si aliyekuuzia.

Ripoti zenyewe ni bure. Tovuti iliyowekwa kwa mujibu wa sheria ni AnnualCreditReport.com, na sasa unaweza kuchukua ripoti ya kila ofisi mara moja kwa wiki. Ukiombwa namba ya kadi ya benki ujue umeingia tovuti nyingine. Chukua zote tatu, kwa sababu wakopeshaji wengine hupeleka taarifa kwa ofisi moja au mbili tu, na kosa linaweza kuwa Experian huku TransUnion iko safi. Hutakuta alama zako humo, na hilo lisikusumbue: alama ni hesabu inayofanywa juu ya ripoti, kwa hiyo ukirekebisha ripoti, hesabu itafuata yenyewe.

Usidhani makosa ni nadra. Utafiti wa FTC, tume ya serikali inayolinda wateja, uliotolewa 2013 ulikuta mtu 1 kati ya 5 ana kosa lililothibitishwa katika angalau ripoti moja. Anza juu kabisa: majina, anwani, waajiri. Ukiona anwani ya mji ambao hujawahi kuishi, yawezekana faili lako limechanganywa na la mtu mwingine. Wenye majina yanayofanana na ya wengi wachunguze zaidi, hasa wale ambao karatasi za ukimbizi ziliwapangia Januari 1 kuwa siku ya kuzaliwa. Jina la kawaida na tarehe ya kawaida ni mwaliko wa kuchanganywa.

Kisha nenda kwenye tarehe. Hapa ndipo pesa ya wakala inapopotea bure, maana wengi wao hata hawaitazami. Taarifa mbaya nyingi haziruhusiwi kukaa zaidi ya miaka 7, na saa hiyo huanza kuhesabiwa kutokana na mara ya kwanza ulipochelewa na hukurudi tena kulipa kwa wakati. Haihesabiwi kutoka siku deni lilipouzwa. Tuseme uliacha kulipa kadi Machi 2021. Benki ikaliandika deni kuwa hasara Septemba 2021, kisha 2023 ikaliuza kwa mkusanya madeni. Sheria inaongeza siku 180 juu ya tarehe ya kuchelewa ndipo miaka 7 ianze, kwa hiyo ukomo ni Septemba 2028. Mkusanya madeni akiandika kwamba deni lilianza 2023, litaning'inia mpaka 2030. Huko ni kulifanya deni la zamani lionekane jipya, ni kinyume cha sheria, na hutaligundua kama husomi safu ya tarehe katika ripoti zote tatu kwa pamoja. Mipaka mingine: kufilisika kwa Chapter 7, kule ambako madeni mengi hufutwa na mahakama, hukaa miaka 10, maulizo ya wakopeshaji miaka 2.

Barua ya kupinga iwe fupi na ishike jambo moja moja. Kwa mfano: "Akaunti ya mkusanya madeni inayoishia 4471 inaonyesha tarehe ya kwanza ya kuchelewa kuwa Mei 2023. Stetimenti ya benki niliyoambatanisha inaonyesha ni Machi 2021. Naomba tarehe irekebishwe." Bila shaka utaiandika kwa Kiingereza. Ambatanisha nakala ya kitambulisho, uthibitisho wa anwani, na ukurasa wa ripoti uliozungushia duara kwenye kosa. Peleka nakala, zile halisi zibaki kwako. Tuma kwa barua iliyothibitishwa (certified mail) yenye risiti ya kupokelewa, kwa kuwa siku 30 za uchunguzi zinaanza pale wanapoipokea. Ukiongeza ushahidi katikati ya uchunguzi, au kama pingamizi lilitokana na ile ripoti ya bure ya mwaka, muda unaweza kufika siku 45. Fomu za mtandaoni zinafanya kazi kwa makosa mepesi, ila hukulazimisha kuchagua sababu kutoka orodha fupi, na jambo lenye tarehe nne halienei humo.

Linaloharibika mara nyingi ni hili: jibu linarudi kwamba taarifa "imethibitishwa". Ofisi ya krediti hupeleka pingamizi lako kwa mtoa taarifa, yaani benki au mkusanya madeni aliyeiripoti, kwa kifupi, mara nyingi kama msimbo, naye analinganisha na kompyuta yake ileile yenye kosa. Usikate tamaa, wala usirudie barua ileile, maana wanaruhusiwa kuikataa kama usumbufu. Omba maelezo ya namna walivyothibitisha. Wana siku 15 kujibu. Mwandikie pia mtoa taarifa mwenyewe, lakini usimwandikie yeye peke yake: kwa Fair Credit Reporting Act, sheria ya ripoti za krediti, haki yako ya kumshtaki inategemea kwamba pingamizi lilipitia ofisi ya krediti kwanza. Kisichoweza kuthibitishwa lazima kifutwe, na kikirudishwa baadaye ni lazima ujulishwe kwa maandishi ndani ya siku 5 za kazi.

Kwa hiyo kupinga kila kitu, mbinu wanayoipenda mawakala, ni upuuzi. Makosa matatu ya kweli yenye ushahidi yanazama ndani ya malalamiko ishirini ya kubahatisha.

Sasa, deni la kweli. Hakuna sheria inayofuta taarifa sahihi kabla ya wakati wake, na anayekuahidi hivyo anakudanganya. Kama ulichelewa mara moja tu kwenye akaunti uliyoilipa vizuri kwa miaka, mwombe mkopeshaji kwa barua ya kistaarabu aiondoe. Anaweza kukataa, huna unachopoteza. Kwa mkusanya madeni mpya, angalia barua yake ya kwanza: una siku 30 za kulipinga deni kwa maandishi, na ukifanya hivyo lazima asimamishe udai mpaka alete uthibitisho. Tahadhari kubwa iko kwenye madeni ya zamani. Muda wa kushtakiwa mahakamani hutofautiana kwa kila jimbo na hauhusiani na ile miaka 7. Katika majimbo mengi, ukilipa hata $20 za "kuonyesha nia njema", saa ya mahakama inaanza upya. Jua jimbo lako linasemaje kabla ya kutoa chochote. Mkipatana punguzo, upate maandishi kabla ya kulipa.

Madeni ya hospitali yana utaratibu wake. Ofisi zote tatu huondoa yaliyokwisha lipwa, hazionyeshi yale ambayo deni la mwanzo lilikuwa chini ya $500, na husubiri mwaka mmoja kabla ya kuyaweka. Ukiyakuta humo kinyume na hapo, hilo ni pingamizi jepesi.

Kwa anayetaka alama zipande mwezi huu, atazame kadi. Kiasi unachodaiwa ni takriban asilimia 30 ya alama za FICO, zile zinazotumiwa na wakopeshaji wengi, na kwa sehemu kubwa hesabu hiyo haina kumbukumbu ya mwezi uliopita. Kadi yenye limiti ya $1,000 ikifunga stetimenti ikiwa na $900, ripoti itasema umetumia asilimia 90, hata kama utalipa yote kabla ya tarehe ya mwisho. Lipa siku mbili tatu kabla ya stetimenti kufungwa, ibaki chini ya $100. Na ile imani ya kuacha deni kidogo lipate riba ili "kujenga krediti" ni hasara tupu. Riba haikuongezei alama hata moja.

Kama unalenga mkopo wa nyumba, panga ratiba kinyumenyume. Pingamizi ambalo halijamalizika huweka maelezo ya mgogoro kwenye akaunti, na wakopeshaji wengi husimamisha ombi mpaka yaondolewe. Pingamizi zitangulie miezi kadhaa kabla ya maombi, na akaunti zenye mgogoro uliokwisha uombe kwa maandishi maelezo hayo yafutwe.